Nani Anamcheka Nani? Vichekesho vya Sinema na Nyumba ya Mfano, kutoka Bukavu hadi Baltimore

Katika masomo yetu ya historia tumezoea kusoma mikataba, sheria, barua za magavana na hotuba za viongozi. Kichekesho hatukisomi. Kikitajwa darasani, hutajwa kama kitu cha kupumzisha akili kabla ya kurudi kwenye kazi. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba filamu ya kuchekesha, hata ile inayovunja adabu makusudi, ni hati ya historia kama hati nyingine. Tena nataka kuonyesha kwamba kuna swali moja la kuiuliza kabla ya mengine yote: ni nani anayecheka, na anamcheka nani?

Nitatumia mifano miwili ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina uhusiano. Wa kwanza ni filamu fupi za vichekesho ambazo wamisionari wa Kibelgiji walizitengeneza katika Kongo ya kikoloni miaka ya 1950. Mojawapo ya vituo vya filamu za wamisionari ilikuwa Bukavu, ng'ambo tu ya maji ukiwa kwetu Nkanka. Wa pili ni Polyester, filamu ya Mmarekani John Waters iliyotoka mwaka 1981, ambayo wengi waliiona kuwa chafu na wachache waliipenda mpaka leo hawajaiacha. Zote zinahusu familia ya mjini yenye baba wa mshahara, mama wa nyumbani, watoto wa shule, pazia dirishani na majirani wanaochungulia. Zinatofautiana katika mwelekeo wa kicheko. Vichekesho vya wamisionari viliwacheka watu walioshindwa kuifikia nyumba hiyo. Filamu ya Waters inaicheka nyumba yenyewe.

Nianze na mahali. Nkanka ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, katika eneo ambalo wazee wengi bado huliita Cyangugu. Tuko kando ya Ziwa Kivu. Watu wetu hulima, huvua sambaza usiku kwa taa, na wenye kuuza huuza Kamembe au huvuka mpaka. Mji mkubwa ulio karibu nasi kuliko yote hauko Rwanda. Ni Bukavu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville kabla ya kuurudishia jina lake miaka ya 1950. Kiswahili chenyewe kilitufikia zaidi kwa njia hiyo: kwa soko, kwa daraja la Rusizi, kwa kijana aliyekwenda kutafuta kazi ng'ambo na kurudi akisema "mambo" na "franga". Wakati huo mpaka ulikuwa mwepesi kuliko sasa, kwa sababu tangu mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo mtu wa Nkanka aliyetaka kujua maana ya maisha ya mjini aliangalia upande wa magharibi.

Alichokiona huko kilikuwa kimepangwa kwa makini. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Office des Cités Africaines, shirika la kujenga makazi ya Waafrika mijini. Lilijenga makumi ya maelfu ya nyumba katika miji kama Léopoldville, Élisabethville, Usumbura na Bukavu. Bagira, ambayo leo ni mojawapo ya manispaa tatu za Bukavu, ilikua kutokana na mpango huo. Tukizitazama nyumba hizo kama wanahistoria, tutaona kwamba ramani yake ilikuwa na mawazo ndani yake. Ilikuwa nyumba ya mume mmoja, mke mmoja na watoto wao. Haikuwa na nafasi ya mke wa pili, wala ya shangazi mjane, wala ya mtoto wa kaka aliyekuja kusoma. Sheria nayo ilitembea na ramani: amri ya mwaka 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi katika Kongo.

Baada ya ukuta likaja suala la tabia. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa ya uraia kwa Waafrika waliowaita évolué, yaani "walioendelea". Mwaka 1952 wakaongeza hatua ya juu zaidi, iliyoitwa immatriculation. Aliyeiomba alichunguzwa na tume, na tume ilifika hadi nyumbani kwake. Iliangalia usafi, ilivyokuwa meza, jinsi mke alivyovaa na jinsi watoto walivyokaa. Patrice Lumumba alipita katika uchunguzi huo. Mara ya kwanza alikataliwa, kisha akakubaliwa mwaka 1954. Kati ya mamilioni ya watu, waliofika hatua hiyo kabla ya uhuru walikuwa mamia machache tu. Wanawake nao walikuwa na shule yao, foyer social. Ile ya Usumbura ilifundisha kuanzia mwaka 1946 kushona, kupiga pasi, kupika na kulea mtoto, na walimu wake walitembelea nyumba za wanafunzi kuona kama mafunzo yamefika jikoni.

Sisemi kwamba kufundishwa kushona ni ubaya. Bibi zetu waliupenda ujuzi huo na waliutumia. Ninachosema ni kwamba nyumba ya Mwafrika wa mjini iligeuzwa kuwa chumba cha mtihani. Mtahini aliingia bila kuhojiwa yeye, na mtahiniwa alitakiwa kutabasamu. Mtihani wa namna hiyo huzaa kichekesho, na kwa kweli ulikizaa.

Utawala wa kikoloni uliogopa sinema. Tangu miaka ya 1930 na 1940 sheria zilimzuia Mwafrika kuona filamu yoyote isipokuwa ile iliyopitishwa na wakaguzi kuwa inamfaa. Hoja ilikuwa kwamba hajakomaa kuielewa filamu ya Ulaya: angechanganya hadithi na ukweli, angejifunza wizi, na zaidi ya yote angemwona mzungu akilewa na mzungu wa kike akibusiwa. Wamisionari walijitolea kujaza pengo hilo. Vilitokea vituo vitatu vinavyojulikana. Huko Léopoldville kilikuwepo kituo cha Kikatoliki kilichoongozwa na Padre Alexandre Van den Heuvel. Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga, kulikuwa na Luluafilm ya Padre Albert Van Haelst. Na Bukavu kulikuwa na Africa Films ya Padre De Vloo. Watafiti Francis Ramirez na Christian Rolot waliandika historia ya sinema hizo katika kitabu kilichotolewa na jumba la makumbusho la Tervuren mwaka 1985. Kitabu hicho kinazitaja Zaire, Rwanda na Burundi kwa pamoja, kwa sababu kwa sinema hizo sisi sote tulikuwa ukumbi mmoja.

Waliopendwa kuliko wote walikuwa wawili wa Van Haelst, Matamata na Pilipili. Mmoja alikuwa mnene, mwingine mwembamba, kama Laurel na Hardy wa sinema za Marekani. Walianguka, walifukuzana, walidanganya na kuumbuliwa. Waigizaji wenyewe walikuwa Wakongo wenye kipaji cha kweli, na umaarufu wao ulidumu kiasi kwamba mwaka 1996 Mbelgiji Tristan Bourlard alitengeneza filamu nzima kuwahusu. Lakini kamera haikuwa yao, na mwisho wa kila hadithi haukuwa wao. Kicheko kilikuwa na somo nyuma yake: mtu mwema hufanya kazi, huweka akiba, humtii mkubwa na hutunza nyumba yake. Anayetaka mambo ya mjini bila kuyastahili huishia kwenye matope, na sisi tunacheka.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Mtu kuanguka kwenye matope huchekesha popote duniani. Tatizo ni kwamba katika filamu hizo hakuna anayeanguka isipokuwa Mwafrika. Padre haanguki. Mkaguzi wa nyumba, ambaye kwa hakika alikuwa na vituko vingi vya kuchekesha akipekua masanduku ya vijiko vya watu, hayumo kwenye picha. Aliyeuweka mtihani hachekwi. Anachekwa aliyefeli.

Katika kutafuta habari za insha hii nilizungumza na bibi mmoja wa Nkanka ambaye wakati huo alikuwa msichana mdogo. Hakukumbuka jina la filamu wala mwaka. Alikumbuka shuka jeupe, mlio wa jenereta, wadudu waliojaa kwenye mwanga, na wanaume wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Kuliko yote alimkumbuka katekista. Filamu hizo zilionyeshwa kwa watu wa lugha nyingi, kwa hiyo mara nyingi alisimama mtu kando ya shuka akaeleza kwa lugha ya mahali kinachotendeka. Yule katekista, aliniambia, alikuwa mcheshi kuliko filamu. Mtu mwembamba alipoanguka na baiskeli, katekista alilitaja jina la bwana fulani wa kijijini aliyejivunia baiskeli yake mpya. Uwanja wote ukalipuka. Mtu mnene alipoamrisha, katekista alimpa sauti ya karani wa kodi. Uwanja ukalipuka tena. "Padre alicheka tulipocheka," bibi akasema, "lakini hakujua tunacheka nini."

Sentensi hiyo imenifundisha jambo ambalo sikulipata vitabuni. Filamu ilikuwa ya Padre, lakini maneno yalikuwa ya katekista. Picha ilisema: mcheke mwenzako asiyejua mambo ya mjini. Sauti iliweza kusema: mcheke karani. Nitarudi kwenye sauti hiyo, lakini kwanza tuvuke bahari.

John Waters alizaliwa Baltimore mwaka 1946 na kukulia Lutherville, kitongoji cha nje ya mji huo. Ni aina ya makazi ambayo Marekani ilijenga kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Pili: nyumba zinazofanana, majani yaliyokatwa, gari mlangoni, baba anakwenda kazini asubuhi na mama anabaki. Sinema na televisheni za miaka ya 1950 ziliionyesha nyumba hiyo kama kilele cha maisha ya binadamu. Waters aliijua kwa ndani, na alipoanza kutengeneza filamu na marafiki zake aliamua kuionyesha bila sabuni.

Polyester inamhusu Francine Fishpaw, mama wa nyumbani mwenye kila kitu ambacho mtihani ungemtaka awe nacho. Nyumba ni kubwa, zulia ni safi, meza imetandikwa. Lakini mume wake, Elmer, amepata fedha za nyumba hiyo kwa kumiliki sinema ya picha za ngono, na majirani wanaandamana na mabango kwenye majani ya Francine. Elmer anafanya mapenzi na katibu wake. Binti, Lu-Lu, ana mimba ya mhuni. Mwana, Dexter, ana uraibu wa kukanyaga miguu ya wanawake mitaani, naye anatafutwa na polisi wa mji mzima. Mama mzazi wa Francine ni mtu wa kutukuza tabaka la juu huku akimwibia bintiye pesa. Francine anaanza kunywa pombe. Rafiki yake wa kweli ni mmoja tu, Cuddles, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi wa nyumba na kisha akarithi mali za tajiri wake. Anapotokea mpenzi mpya mzuri wa sura, Todd Tomorrow, naye anakuwa ameungana na mama mzazi kutaka kumnyang'anya alichobaki nacho.

Ukisimuliwa hivyo unaweza kudhani ni hadithi ya machozi, na ndivyo Waters alivyotaka. Alichukua melodrama ya akina mama wanaoteseka, aina ya filamu iliyopendwa sana Hollywood miaka ya 1950, akaisukuma mpaka ikapasuka. Francine anaigizwa na mwanaume mnene, Harris Glenn Milstead, aliyejulikana kwa jina la Divine. Todd anaigizwa na Tab Hunter, ambaye miaka ya 1950 alikuwa kweli kijana mzuri wa mabango ya Hollywood. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliomzoea Joti akiigiza bibi kizee katika vichekesho vya Tanzania hawatashangazwa na mwanaume kuvaa gauni. Kitakachowashangaza ni kwamba baada ya nusu saa wanaacha kumcheka Divine na kuanza kumwonea Francine huruma.

Jambo lililoifanya filamu hiyo isisahaulike ni harufu. Kila aliyeingia sinema alipewa kadi ya Odorama yenye vidoa kumi vyenye namba. Namba ilipowaka kwenye pembe ya picha, mtazamaji alikwaruza kidoa na kunusa. Cha kwanza ni waridi. Cha pili ni ushuzi. Baadaye kuna piza, petroli, gari jipya, viatu vichafu. Kuna waliosema ni utoto, na wengine wakasema ni utovu wa adabu. Mimi naona ndilo wazo la filamu nzima. Nyumba ya mfano hutengenezwa kwa ajili ya macho. Mkaguzi huangalia, jirani huangalia, kamera huangalia. Pua haidanganyiki kwa pazia. Waters aliikabidhi hadhira pua ili inuse kile ambacho picha nzuri inaficha. Kidoa cha kumi, ambacho Francine anakipulizia mwishoni mwa filamu, ni manukato ya kusafishia hewa. Watu kadhaa wameshakufa, mume wake na mama yake wakiwemo, na sasa nyumba inanukia vizuri. Sijui mwisho mwingine wa filamu unaochekesha na kuhukumu kwa wakati mmoja namna hiyo.

Sasa tuziweke pamoja. Bukavu ya miaka ya 1950 na Lutherville ya miaka hiyo hiyo zilikuwa zikijenga nyumba moja. Wabelgiji hawakuibuni nyumba ya familia ndogo yenye bustani kwa ajili ya Kongo. Waliileta kutoka ndoto ya tabaka la kati la Ulaya, ambayo ni ndugu wa ndoto ya Marekani. Tofauti ni kwamba Mmarekani mweupe wa Lutherville alipewa nyumba hiyo kama haki, na Mwafrika wa Bagira alipewa kama tuzo ya tabia njema, inayoweza kuchunguzwa wakati wowote. Mtoto wa Lutherville akikua anaweza kuicheka nyumba ya wazazi wake kwa sauti kubwa, kwa sababu hakuna tume itakayomfelisha. Wa Bagira hakuwa na nafasi hiyo. Angeicheka wapi, wakati kamera iko kwa Padre na ukumbi una mkaguzi? Ndiyo maana nasema kuvunja adabu ni anasa ya mtu ambaye ubinadamu wake haujatiwa shaka.

Mtu anaweza kunipinga kwa hoja mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza: watu waliwapenda Matamata na Pilipili. Kweli, na hawakupumbazwa. Waliona Waafrika wenzao wakubwa kama nyumba kwenye shuka, wakati ambapo filamu nyingine za kigeni ziliwaonyesha kama wabeba mizigo. Kipaji cha waigizaji kilikuwa kikubwa kuliko somo walilopewa. Ya pili: Polyester nayo inawacheka wanyonge. Inacheka unene, inacheka ulevi, inacheka mwanamke anayepigwa na maisha. Hilo pia ni kweli, na kuna dakika ambazo mimi mwenyewe sikucheka. Lakini katika filamu hiyo mnyonge ndiye tunayebaki naye mpaka mwisho, na wanaoangamia ni wenye adabu ya juu juu. Mfanyakazi wa ndani, Cuddles, ndiye mwenye utu kuliko wote, hata kama Kifaransa chake cha kujionyesha ni cha kuvunja mbavu. Kwa hiyo hoja hizo zinaliongezea swali langu kazi, haziliondoi: tusiangalie tu nani anaanguka, tuangalie pia tunabaki na nani baada ya kicheko.

Kwa msomaji wa Rwanda swali hili si la sinema tu. Kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990, lilitumia katuni kuwadhalilisha watu. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilivuta wasikilizaji kwa muziki wa Kongo na utani wa watangazaji waliozungumza kama vijana wa mtaani, tofauti na redio ya taifa iliyokuwa rasmi na baridi. Watu walicheka kwanza. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha, katika hukumu ya tarehe 3 Desemba 2003, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa RTLM na mhariri wa Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta sehemu ya hukumu hiyo na kupunguza vifungo, lakini haikuwasafisha. Silinganishi uovu huo na mapadre wa sinema. Ingekuwa dhuluma kwa pande zote. Ninachokumbusha ni kwamba katika nchi yetu tumekwisha kuona kicheko kikifundisha watu kumtoa mwenzao katika hesabu ya binadamu. Mwenye kusema "ni utani tu" kwetu hapewi ruhusa ya kupita bila kuulizwa.

Lakini somo la kuogopa kicheko chote lingekuwa kosa la pili. Nimeahidi kurudi kwenye sauti ya katekista. Sauti hiyo haikufa na ukoloni. Kanda za video zilipoenea, watu wa nchi zetu walianza tena kusimama kando ya picha na kueleza. Uganda huwaita wasimulizi hao VJ. Dar es Salaam alijulikana sana Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Kwetu Rwanda filamu hizo huitwa agasobanuye, kutokana na kitenzi gusobanura, yaani kueleza. Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga na kufariki Agosti 2022, alikuwa miongoni mwa waliozifanya zipendwe nchi nzima. Katika kibanda cha video cha senta yoyote ya Rusizi nimeona filamu ya Hollywood ikigeuka. Baba tajiri wa Marekani anaingia katika jumba lake, na msimulizi anampa lafudhi ya mfanyabiashara wa Kamembe aliyekula pesa za kikundi cha akiba. Mama wa kizungu anaweka keki mezani, na msimulizi anasema amekosa unga wa mihogo, ndiyo maana ana uso huo.

Wasomi wengi huzidharau agasobanuye. Husema zinaharibu filamu, zina matusi, zinakiuka hakimiliki. Malalamiko ya hakimiliki ni ya haki na yanahitaji jibu la kisheria. Matusi yapo, na baadhi yake, hasa juu ya wanawake, hayanichekeshi. Lakini kama mwanafunzi wa historia naona kitu kingine pia. Naona nyumba ile ile ya mfano, yenye zulia na pazia, ikiletwa tena kwenye shuka letu kutoka mbali, na safari hii mtazamaji hatakiwi kufanya mtihani. Anaisahihisha yeye. Waters alihitaji kadi ya harufu ili kuonyesha kinachonuka ndani ya nyumba nzuri. Msimulizi wetu anahitaji maikrofoni tu.

Hitimisho langu ni hili. Filamu ya kuchekesha inayohusu familia ni kumbukumbu ya madaraka: inaonyesha nani alipewa kamera, nani alipewa mtihani, na nani aliachiwa kuzungumza gizani kando ya shuka. Filamu za wamisionari zimehifadhiwa, na Polyester inauzwa mpaka leo ikiwa imesafishwa upya. Maneno ya makatekista hayakuhifadhiwa popote, kwa sababu hakuna aliyedhani yana thamani. Wanaoyakumbuka sasa wana umri wa miaka themanini na zaidi, na wako Nkanka, Bagira, Kamembe na kwingineko kuzunguka ziwa. Kila mmoja wetu anayesoma historia ana mmoja wao nyumbani au kwa jirani. Tusiwaulize tu habari za machifu na kodi. Tuwaulize walicheka nini, na tuyaandike majibu yao kwa maneno yao wenyewe, ushuzi na karani wa kodi wakiwemo.